Kikwembe cha Kufunikia Sufuria

Mkwe wangu ana sufuria ya umeme. Asubuhi anakatakata nyama na viazi, anatia maji kidogo, anabonyeza kitufe, anakwenda zake kazini mjini Lilongwe. Jioni anarudi, chakula kimeiva. Umeme ukikatika, na hukatika, anakuta nyama imelala tu kwenye maji yake. Siku hizo ananipigia simu kulalamika, na mimi namcheka kwanza ndipo nampa pole. Namwambia sisi tulipika hivyo hivyo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, miaka ile ya tisini, bila umeme wala kitufe, kwa katoni, maganda ya mahindi na blanketi. Anadhani namtania.

Habari ya kikwembe sijawahi kumwambia. Ni ndefu kwa simu.

Tulikuwa watu wanne: baba, mimi, na wadogo zangu wawili wa kike. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na mdomo mrefu kuliko umri wangu. Tuliishi katika nyumba ya matofali mabichi tuliyoyafyatua wenyewe, nyuma ya majengo ya gereza la zamani. Baba alikuwa fundi cherehani. Kambini kulikuwa na mafundi wengi kuliko nguo za kushonwa, kwa hiyo alikwenda kushonea kwenye baraza la duka moja Lilongwe, na alilala mtaa wa Mtandire katika chumba kimoja na wanaume wengine wa kwetu Fizi, Kongo ya mashariki. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, alipanda matola, yale magari ya mizigo yanayobeba na watu, akashuka njia panda na kumalizia kwa miguu.

Mama hakuwa nasi. Vita vilipofika kwetu alikuwa amepanda mlimani kuchimba muhogo. Baba alitukusanya sisi watatu tukashuka ziwani, akasema mama atatukuta ng'ambo, kwani njia zote za mlimani anazijua. Tulimngoja Kigoma mwezi mzima. Hakuja, wala habari yake haikuja, na mpaka leo haijaja.

Kitu chake pekee kilichofika Malawi ni kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, cha buluu chenye majani ya njano. Kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba siku ile, nikakivuta tukikimbia, sijui kwa nini hicho na si sufuria au chumvi. Baba alikiweka kwenye sanduku la bati, chini ya karatasi zetu za ukimbizi. Kila alipofika kutoka mjini alilifungua sanduku lile, akasema anaangalia karatasi. Siku moja niliingia ghafla nikamkuta amepiga magoti, uso wake umezama ndani ya kitambaa. Nilirudi nje kinyumenyume.

Tatizo letu lilikuwa moja: baba hakukaa kula nasi. Alileta sabuni, sukari, wakati mwingine madaftari. Aliuliza habari za shule. Lakini chakula kikiandaliwa alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akasema alishakula njiani, akatoka kwenda kwenye kikao cha kwaya. Mkeka tuliutandika watu watatu. Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita, siku moja aliniuliza mimi yaya wake, yaani mkubwa wake, tukiosha vyombo.

"Yaya, juu ya nini papa haikalake na siye? Iko anatukasirikia?"

"Hapana. Papa iko muchofu."

Nilimdanganya, kwa sababu na mimi sikujua. Usiku huo nililia, na kulipokucha nilikuwa na hasira. Niliamua kwamba baba atakaa kwenye mkeka ule hata kwa hila.

Hila niliyoipata ilikuwa ya mama. Kwetu, kila Jumapili, mama alipika nyama ya ng'ombe na viazi kwenye chungu, kwa moto mdogo wa mizizi, tangu kabla ya ibada mpaka mchana. Alikuwa na sheria moja. Kifuniko hakiguswi mpaka baba amekaa. Alisimama kando ya chungu na kitambaa mkononi, akangoja, hata kama baba amekwama nje akizungumza na wazee wa kanisa, hata kama sisi watoto matumbo yanatuguruma. Baba alikaa, mama alifunua, mvuke wa kwanza ukampiga baba usoni. Kisha baba akaonja na kusema chumvi ni nyingi. Alisema hivyo kila Jumapili ya maisha yetu. Mama hakumjibu, naye baba hakuchelewa kunyoosha sahani aongezwe. Ulikuwa mchezo wao, nasi tuliuzoea.

Nikawaza: nikipika chungu kile, baba atajua kwamba kifuniko kinamngoja. Hataweza kusimama mlangoni na kikombe.

Kuni ndizo zilizonishinda. Miti ya karibu ilikuwa ya wanakijiji, na makaa yalipimwa kwa kikopo. Jirani yangu ndiye aliyenionyesha njia. Alikuwa mama mtu mzima kutoka Burundi, mjane, aliyetutangulia kambini, na alipika maharage yake kwa namna ambayo mwanzoni niliiona ya kichawi. Aliyachemsha nusu saa tu, akaiweka sufuria ndani ya katoni iliyojaa maganda makavu ya mahindi, akaivika blanketi, akaweka jiwe juu, akaenda shambani. Akirudi mchana, maharage yameiva na ni ya moto.

"Moto njo inaanza tu, mwana wanje," aliniambia, akiniita mwanangu kwa lugha yake. "Blanketi njo inapika. Na usifungue. Ukifungua mara moja, umeisha kuharibu."

Nilimwomba baba alete nyama. Alinitazama kana kwamba nimemwomba baiskeli, lakini safari iliyofuata alikuja na kilo moja ya nyama yenye mifupa, imefungwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, na viazi vya Dedza bado vina udongo. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilivihesabu viazi vile mara mbili mbele ya wadogo zangu.

Jumamosi hiyo hiyo palikuwa na matanga mistari miwili ya nyumba kutoka kwetu. Baba alitua mzigo, akaenda kukaa na wanaume kwenye msiba, ndivyo ilivyokuwa desturi. Desturi nyingine ilikuwa kwamba kila nyumba inatoa blanketi kwa ajili ya waliokuja kuomboleza, maana ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Dzaleka mwezi wa sita haina adabu. Zetu mbili zilichukuliwa pia. Nilizitoa kwa mikono yangu na wala sikukumbuka nyama.

Nilikumbuka Jumapili asubuhi. Nilikuwa nimekaanga vitunguu, nimegeuza nyama mpaka ikawa ya kahawia, nimetia maji na viazi vizima, na chumvi nimeitia kwa kipimo, kidogo, ili siku hiyo baba asipate la kulalamika. Sufuria ikachemka. Makaa yakaanza kuwa majivu. Nikaishusha kwenye katoni, nikanyoosha mkono kuchukua blanketi, mkono ukagusa mkeka mtupu.

Gunia letu lilikuwa limelowa umande. Sweta tulikuwa tumezivaa. Nyama ilikuwa bado ngumu na mvuke ulikuwa unatoroka. Nikalifungua sanduku la bati.

Sitajifanya mjinga. Nilijua nilichokishika, na nilijua baba hukifanyia nini. Lakini nilijiambia ni saa chache, ni kwa ajili yake mwenyewe, nitakirudisha kabla hajaja. Nilikizungusha kwenye sufuria mara tatu, nikafunga fundo juu ya kifuniko, nikafukia kwa maganda, nikaweka jiwe. Tukaenda kanisani. Mhubiri alihubiri sana siku ile, na mimi sikusikia hata neno moja.

Baba alitutangulia kurudi nyumbani, akitoka msibani. Tulimkuta amesimama katikati ya chumba, kikwembe mikononi, sufuria iko chini imevuliwa nguo. Doa la mafuta lilikuwa limetanda juu ya majani ya njano.

"Nani alikuambia ufungue sanduku yangu?"

"Ni miye, papa. Blanketi zote ziko ku matanga."

Alikinusa. Sijapata kuona uso wa mtu mzima ukivunjika namna ile.

"Hii ilikuwa na harufu yake," akasema. "Sasa inanuka bitunguu."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alikikunja mara nne, akakitia kwenye mfuko wake wa safari, akatoka. Mdogo wetu alimkimbilia mpaka barabarani, akarudi peke yake.

Tulikula. Nyama ile ilikuwa imeiva vizuri kuliko yoyote niliyowahi kupika, inaachana na mfupa yenyewe, viazi vimekunywa mchuzi, na hilo liliniudhi kuliko kitu chochote. Nililia juu ya sahani huku natafuna. Jirani alikuja kuturudishia blanketi, akasikia yaliyotokea. Aliketi, akachukua kiazi kimoja, akakila taratibu.

"Chumvi kidogo," akasema.

Wiki mbili zile zilikuwa ndefu. Mdogo wetu hakuuliza tena kwa nini baba hakai. Sasa aliuliza kama atarudi. Nilimwambia atarudi, nikamkaripia kwa kuuliza, kisha nikaenda kusimama nyuma ya nyumba. Niliogopa kweli. Tayari nilikuwa nimempoteza mzazi mmoja bila kosa langu, na huyu wa pili nilikuwa nimemfukuza mwenyewe. Jumamosi ikafika. Matola za jioni zikapita zote, watu wa mjini wakapita na mizigo yao, baba hayumo.

Alikuja Jumapili asubuhi tukiwa tunavaa kwenda ibada. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Alikuwa amebeba furushi la karatasi ya saruji, kifuko cha viazi, na mfuko wake wa safari.

"Kartoni iko wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaanza kupika. Baba yangu, aliyeweza kushona suti kwa kukutazama tu, alikata vitunguu vibaya sana, vipande vikubwa vikubwa, machozi yanamtoka naye hayafuti. Sikuthubutu kumsaidia. Alitia chumvi, akafikiri, akatia tena. Nilitaka kusema. Nikauma ulimi.

Sufuria ilipochemka vya kutosha, alifungua mfuko akatoa kikwembe. Doa lilikuwa pale pale, hakukifua. Blanketi zetu zote mbili zilikuwa zimekunjwa mkekani, hakuzitazama. Aliizungushia sufuria ile nguo taratibu, akakaza, akafunga fundo la masikio mawili, lile alilofunga mama kifuani alipombeba mtoto mgongoni. Aliongea akiwa ameinama vile vile.

"Mule Mtandire niliinusa kila siku. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Mbele ya ile siku ilikuwa inanuka sanduku tu, mwanangu. Sanduku na karatasi. Miezi yote ile nilikuwa najidanganya. Ile siku uliifunga ku sufuria njo nilisikia harufu ya mama yenu, ya siku ya mungu, akitoka ku jiko." Akaweka jiwe juu ya katoni. "Njo maana nilikimbia. Haikuwa juu yako."

Tukaenda ibadani sote wanne. Tuliporudi nilitandika mkeka, nikaleta sahani, nikachukua kitambaa, nikasimama kando ya katoni. Sikumwita. Baba alisimama mlangoni, mahali pake pa kila siku, kwa muda ambao niliuona mrefu mno. Kisha akavua viatu, akaingia, akaketi, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Mdogo wetu akasogea mpaka akaegemea paja lake.

Akaniashiria kwa kidevu. Nikafungua fundo, nikafunua. Mvuke ukampiga usoni, akafumba macho. Nikampakulia kwanza yeye, na ugali wa unga ule wa kambi, akamega, akachovya, akala.

"Chumvi mingi," akasema.

"Papa, ni weye uliitia," mdogo wetu akamwambia. Alikuwa mdogo mno kuzikumbuka Jumapili zetu za nyumbani.

Baba akamega tonge jingine. Alitafuna mpaka mwisho, akameza, akaninyooshea sahani nimwongeze.