Ukuta Unaopigwa na Mvua

Mwaka aliofariki mke wangu, ukuta wa chumba chetu, ule unaopigwa na mvua, ulianza kumomonyoka. Nyumba yetu ya Malangali tuliijenga kwa matofali mabichi, na matofali mabichi hayawezi kukaa uchi. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, mke wangu alikanyaga udongo na kinyesi cha ng'ombe, akasiriba kuta zote kwa viganja, kisha akamalizia kwa udongo mweupe aliouchukua kwao Mpui. Kwetu kusiriba ni kazi ya wanawake. Mwanamume hufyatua matofali, hujenga, hupaua. Kuta zikishasimama anamwachia mama wa nyumba.

Kiangazi cha kwanza bila yeye hapakuwa na wa kusiriba. Binti yetu alikuwa ameolewa Kate na alikuwa na mtoto mchanga. Nilizungumza na kina mama wa jirani. Waliitikia kwa huruma, na hawakuja. Kila mmoja alikuwa na kuta zake. Kila asubuhi nilikuwa natoka kuuangalia ukuta kama mtu anayeangalia kidonda, na kila nikiutazama nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani.

Jirani yangu, dereva mstaafu wa lori, hakunisaidia. Yeye alikuwa amepiga lipu ya saruji mbele ya nyumba yake, upande wa barabarani tu, kama wengi walivyofanya siku hizo. Nyuma udongo uleule. Alikuwa hapiti bila neno.

"Jirani, nyumba yako imeanza kuonyesha mbavu. Saruji imejaa madukani, unangoja kibali cha nani?"

Alisema kweli, na ndiyo maana iliniuma. Zamani saruji ilikuwa ya kibali. Uliomba ofisini, ukasubiri, ukaja kuambiwa imekwenda kujenga zahanati. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na mifuko ilipangwa hadi nje ya maduka pale sokoni, imefunikwa turubai. Kuiona tu kuliniudhi.

Nikaita fundi. Alikuwa kijana mpole. Akanipa shikamoo, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akaniambia saruji haishiki juu ya udongo wa kusiriba. Ni lazima kubandua tabaka zote hadi tofali lionekane, kupigilia waya wa kuku, ndipo arushie lipu. Nikamwuliza kama haiwezekani kupiga juu kwa juu. Akanionyesha kwa kidevu nyumba ya dereva. Lipu yake ilikuwa imeanza kutuna chini ya dirisha.

"Ile itaanguka yote siku moja, mzee. Imeshika udongo, haijashika nyumba."

Nikamwambia nitamwita, na sikumwita. Chini ya kila tabaka kulikuwa na tabaka ya kiangazi kilichotangulia, zote za viganja vya mke wangu. Jua likiwa chini, uliweza kuona mikwaruzo ya vidole vyake, nusu duara juu ya nusu duara. Picha yake ninayo moja tu, ya studio, na humo hafanani na alivyokuwa. Sasa nipeleke jembe pale?

Nikajaribu kusiriba mwenyewe. Nilifanya mchana, kwa sababu nikijificha ningeonekana mwizi katika nyumba yangu. Kina mama waliotoka kuchota maji walipunguza mwendo, wakatazamana, wakapita. Dereva alikuja na kigoda chake kabisa, akakaa, akaniuliza, "Mama wa nyumba, leo tunakula nini?" Niliendelea hadi ukuta ukaisha. Ulipokauka ukapasuka wote, na vipande vikaanza kuanguka. Sikujua kipimo cha kinyesi wala cha maji. Sikuwahi kuuliza.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika dada mkubwa wa mke wangu alipokuja kutoka Mpui kunijulia hali. Nilimweleza yote, nikitegemea ataniunga mkono kwamba ukuta ule usiguswe. Ndiye aliyekua naye. Aliutazama ukuta.

"Shemeji," akasema, "mdogo wangu alikuwa haipendi kazi ile. Kiuno kilimuuma hadi analia. Kila akija kuchukua udongo alisema, siku saruji ikipatikana, sigusi tena ukuta."

Nikamwuliza mbona hakuniambia mimi.

"Angekuambia ili ufanye nini? Saruji ilikuwepo?"

Haikuwepo. Nilitafuta wa kulaumu nikamkosa. Kitu alichokuwa anakitaka kilikuwa pale sokoni, mtu yeyote mwenye baiskeli angeweza kukibeba, na mwenyewe hayupo.

Kesho yake nikaanza kubandua. Shemeji alizoa vifusi kwa karai akavimwaga shimoni. Udongo ulitoka mgumu, mweupe, mwekundu, mweupe tena, na sikujiwekea hata kipande. Fundi akaja akapigilia waya, akapiga lipu pande zote nne, hata upande wa nyuma usioonekana barabarani. Dereva alisema nawapambia kuku.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri. Nilisimama chini ya upenu wa jikoni kuutazama ukuta. Mvua iliupiga kwa nguvu zake zote, maji yakateremka juu ya saruji yakaenda zake, na ukuta ukabaki vilevile. Ulikuwa wa kijivu, umenyooka, hauna alama ya mkono wa mtu. Nilisimama pale nimejaa hasira, kwa sababu fundi alikuwa ameupiga vizuri, na haukuwa na haja na mtu yeyote tena.