Migomba ya Shabani Kule Mumosho

Sikwenda Bukavu kutembea. Nilitumwa na mama yetu kumchukua mdogo wangu Shabani kabla watu wa kule hawajamwumiza. Naiweka sababu hiyo mbele kwa kuwa hapa Buyenzi mmeshasema mengi: kwamba nilifuata dhahabu, kwamba nilifuata mume. Kama kuna mume Bukavu aliyekuwa ananisubiri, basi hadi leo anasubiri.

Shabani alivuka kwenda Kongo miaka kadhaa iliyopita, kazi ya ujenzi ilipokosekana hapa Bujumbura. Alibeba mizigo Uvira, akapanda hadi Bukavu akachanganya saruji, mwisho akapata shamba la kukodi Mumosho, kusini mwa mji, karibu na mto Ruzizi. Kulima alijifunza utotoni kwa mjomba wetu kule Cibitoke. Akapanda vitunguu, vikakubali. Paa la nyumba yetu, lile mnalosema linawaumiza macho likipigwa na jua, ni vitunguu hivyo.

Siku moja nikapigiwa simu na Maman Furaha, mwanamke anayenunua vitunguu vya Shabani na kuviuza katika soko la Kadutu, Bukavu. Sikuwahi kuonana naye.

"Weye njo dada ya Shabani? Kuya utwale ndugu yako. Alipanda ndizi ku shamba ya batu. Banasema dimanche batamufukuza, na bangine banasema batamupiga."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mtu apigwe Jumapili kwa kupanda ndizi? Kama angeiba ningeelewa. Mama hakutaka maelezo. "Mlete," alisema. "Hata akija mikono mitupu, mlete."

Ijumaa alfajiri nilipanda basi la kwenda Gatumba. Mpakani, upande wa Kongo, askari kijana alitazama karatasi yangu akaniuliza naenda kufanya nini. Nikamjibu naenda kumwona ndugu yangu anayefanya kazi huko. Kazi gani? Analima.

"Nyiye munatoka kwenu kuya kulima kwetu," alisema, "na sisi tunaenda kwenu kutafuta kazi. Mungu anatuangaliaka tu." Hakusema kwa ubaya, akanirudishia karatasi nikapita.

Kutoka Uvira nilipata nafasi katika gari dogo, nikabanwa kati ya mama mwenye kikapu cha ndagala wakavu na kijana mmoja fundi mwashi aliyekuwa anarudi Bukavu. Tulipokuwa bado tambarare, miwa na mpunga pande zote, mazungumzo yalikuwa matamu. Kijana alipojua nimetoka Bujumbura, sauti yake ikabadilika.

"Barundi banatuharibia kazi," aliniambia usoni kabisa. "Weye unaomba patron bei ya muzuri, anakuambia: acha, nitaita Murundi, ule anafanya kwa nusu. Na kweli anamwita. Sasa mi nitakula nini?"

Nilikasirika, lakini sikuweza kusema ni uongo. Mtu asiye na jamaa wala chumba hukubali bei yoyote. Shabani mwenyewe alikubali. Nikamwambia: "Huyo anayewapa wote wawili nusu ya haki yenu ni patron. Mbona humkasirikii yeye?"

"Patron njo anakuwa na makuta," alijibu, yaani pesa. Mama wa ndagala akacheka hadi kikapu kikatikisika.

Baada ya Kamanyola kicheko kiliisha, kwa sababu tulianza kupanda Ngomo. Wale waliopita wanaijua. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine hakuna kitu. Mama wa ndagala alitoa rozari yake, mimi nikasoma dua zangu, yule fundi mwashi akafumba macho. Kila kona dereva alipiga honi ndefu na sisi tukaegemea upande wa mlima, eti tunasaidia gari.

Jioni tuliingia Bukavu. Nyumba zimepanda vilima juu ya vilima, na ziwa linajitokeza kila unapodhani umeliacha nyuma. Maman Furaha alinipokea kwake Kadutu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya soko. Alinipa bugali na sombe, akasubiri nishibe, ndipo akanieleza kosa la mdogo wangu.

Huko kwa Bashi, wenyeji wa Mumosho, kuna ukodishaji wa shamba unaoitwa bwasa. Unapewa kipande kwa msimu, unalima, unampa mwenye shamba chake, msimu ukiisha mnapatana tena. Katika bwasa unapanda maharagwe, mahindi, vitunguu, chochote kinachokwisha kabla ya msimu kwisha. Mgomba hupandi. Mgomba haukomi na msimu. Unazaa, unachipua, unazaa tena. Anayepanda mgomba anatangaza kwamba udongo ni wake na wa wajukuu wake.

"Ata mutoto mudogo wa huku anajua ile," alisema Maman Furaha. "Ndugu yako alizunguusha ndizi ku nyumba yake yote! Papa Murhula, mwenye shamba, aliona majani ya kwanza, akasema labda ni kujaribu. Sasa imezaa. Batu banasema: Murundi anataka udongo yetu."

"Hakuna aliyemwambia?"

"Nani atakuambia kitu chenye kila mutu anajua?"

Jumamosi alinipeleka sokoni, nadhani ili nisikae nyumbani nikilia. Nilikaa nyuma ya meza yake. Wanawake walikuja kuulizia vitunguu vya Mumosho kwa jina, na walipoona meza ina nyanya tu, wakaguna. Kabla ya Shabani, aliniambia, kiangazi kilipokaza vitunguu vilitoka ng'ambo ya mpaka, na wao waliuza kwa bei aliyopanga mtu mwingine. Tangu Shabani achimbe mfereji wa kuteremsha maji ya chemchemi hadi shambani, Mumosho inatoa vitunguu hata mvua ikikatika. Wako wanawake wanaopalilia, wako wenye pikipiki wanaobeba magunia, na wako kina Maman Furaha. Kisha tangu ugomvi uanze, hakuna gunia lililoshuka. Nilisikiliza yote hayo nikawa ninapanga maneno ya kuwaambia watu wa Mumosho kesho yake. Nilikuwa nimesahau kwamba nimetumwa kumrudisha.

Jumapili asubuhi tulipanda teksi hadi Panzi, kisha pikipiki mbili hadi Mumosho. Njia inashuka na kupanda kati ya mashamba ya mihogo na maharagwe, na vumbi lake jekundu lilibaki katika kitambaa changu hata baada ya kukifua. Shabani alitupokea mlangoni pa kibanda chake. Amekonda. Migomba ilikizunguka kibanda pande zote, mmoja ukiwa na mkungu mnene, na nakiri ilipendeza, ilifanana kabisa na kwa mjomba.

"Umekuja kunichukua," alisema.

"Nimekuja kusema kwanza. Kukuchukua baadaye."

Watu walikuja baada ya misa, wangali na nguo zao za kanisani. Papa Murhula alikuwa mzee mrefu mwenye koti la kijivu. Alinisalimia kwa Kimashi, lugha ya Bashi, "Asinge," akaniletea kiti yeye mwenyewe, na heshima hiyo ikanivuruga, maana nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Mkuu wa kijiji akasema dada wa mtu amesafiri mbali, basi aanze yeye.

Nilianza. Niliwauliza kabla ya mfereji wa mdogo wangu, kiangazi palikuwa na nini pale. Mtu mmoja nyuma akasema, "Nyasi," watu wakacheka, nami nikapata nguvu. Niliwauliza nani anawapa wanawake wao vibarua vya kupalilia. Nilimwonyesha Maman Furaha nikawauliza atauza nini. Halafu nikamgeukia Papa Murhula, kwa sababu Maman Furaha alikuwa ameniambia njiani kwamba mwanawe anachimba dhahabu Kamituga.

"Papa, mwanao yuko wapi?"

"Iko Kamituga."

"Wenyeji wa huko, Warega, wanamwita nani?"

Niliona nimeshamshika. Alijikuna kidevu taratibu.

"Kule banamwita mugeni," alisema. "Ile ni kweli, maman. Lakini hakupandaka ndizi."

Walicheka wote, hadi Maman Furaha, msaliti. Mimi sikucheka. Papa Murhula hakuwa amemaliza.

"Ndugu yako ni mutu wa kazi, nani anakatala? Nilimupa pa kulima. Sikumupa pa kubakia. Na pombe ya ndizi hakunywake! Ata kasiksi hatengenezi. Sasa ndizi ni ya nini, kama haiko ya kukamata udongo?"

"Na kama anataka kubaki?" nilisema. Sauti yangu ilikuwa juu mno. "Kubaki ni dhambi?"

"Kama anataka, aombe. Hakuomba. Alipanda."

Hapo Shabani akasimama. Mdogo wangu si msemaji, tangu utoto mimi ndiye niliyemsemea.

"Papa," alisema, "kwa mjomba wangu, mtu akikupa pa kujenga kibanda, unapanda migomba kabla hata hujaezeka. Ni kumwonyesha mwenye shamba kwamba hutatoroka na mali yake usiku. Akiona migomba, analala. Mimi nilidhani nakupa amana."

Papa Murhula alilirudia neno hilo. "Amana," alisema. "Na mi sikulala, toka siku ile niliona jani ya kwanza." Halafu kama kwa hasira: "Shabani, mbona haukuniuliza?"

"Nani anauliza kitu ambacho kila mtu anakijua?"

Safari hii Papa Murhula hakucheka, lakini mabega yake yalishuka. Wanakijiji walianza kunong'ona Kimashi. Mkuu wa kijiji akasema neno la mwenye bwasa halibadiliki: migomba ing'olewe leo, mbele ya watu. Baadhi wakapaza sauti kwamba na mwenyewe ang'oke nayo.

Damu ilinipanda. Nilimshika Shabani mkono. "Kachukue nguo zako. Twende nyumbani. Wabaki na nyasi zao."

Akautoa mkono wake mkononi mwangu, polepole, akachukua jembe.

"Migomba naitoa," aliwaambia, si mimi, wao. "Nilikosea, naitoa kwa mikono yangu. Vitunguu sikukosea. Mimi sitoki."

Akaanza. Mgomba haung'oki kama mchicha. Unachimba kuzunguka, unakata, unachimba tena usiache jicho la kuchipua. Watu walisimama na nguo zao za Jumapili wakimtazama. Nililia, na nililia kwa hasira, kwa sababu kila mgomba ulioanguka uliacha kibanda uchi zaidi na mdogo wangu hakuinamisha kichwa hata mara moja. Nilipochoka kulia nilifunga khanga kiunoni nikachukua jembe la pili. Kama wanataka kuona, waone wawili.

Tulipofika kwenye mgomba wenye mkungu, Papa Murhula alisogea akaushika usianguke vibaya. Aliuweka chini, akapangusa mikono kwenye koti lake zuri.

"Utavuna bitunguu," alimwambia Shabani. "Kisha utakuya kuniomba saison ingine. Sijasema nitakubali."

"Nitakuja," alisema Shabani. "Ukikataa, msimu unaofuata nitakuja tena. Na siku nikitaka mgomba, nitakuja kuuomba mgomba."

Wale waliotaka ang'oke walitazama mwenye shamba. Mwenye shamba akasema, "Ule mutu iko kichwa nguvu," akaenda zake. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Maman Furaha, mfanyabiashara kweli, alikwisha kuufunga mkungu nyuma ya pikipiki yake.

Mambo hayakuisha hapo, msinielewe vibaya. Shabani hana hakika ya msimu ujao. Huenda Papa Murhula akaamka vibaya, huenda kijana fulani akarudi kutoka Kamituga akataka shamba la baba yake, tena shamba lenye maji sasa. Shabani anayajua yote hayo. Nilipomwuliza tena, tukiwa wawili tu, alinijibu kwamba hapa Bujumbura pia hana shamba, tofauti ni kwamba hapa hakuna hata wa kumwomba.

Jumatatu niliteremka Ngomo na dereva mwingine, mwenye honi mbovu.

Nyumbani Mama alikuwa amepika pilau ya kumpokea mwanawe na ameita majirani. Nilipoingia peke yangu wote walitazama mlango nyuma yangu. Nikawasimulia, na kabla sijamaliza, Bi Asha wa nyumba ya tatu, mnamjua ulimi wake, akaruka: "Basi na sisi tuanze na yule Mkongomani fundi cherehani wa pale kona. Naye arudi kwao!"

Nikamwuliza amevunja sharti gani. Akasema hajui.

"Basi litafute kwanza kosa lake," nikamwambia, "ukamwambie, alitengeneze. Kama hulioni, mwache ashone."

Bi Asha alinuna. Mama hakuwa anatusikiliza. "Kwa hiyo haji," alisema.

"Haji, Mama. Nimemwacha kazini."

Aligeuka akachukua upawa. Kisha akachukua sahani kubwa aliyokuwa amemwekea Shabani, akaijaza, akaniwekea mbele.