Miguu Iliyolowa

Si kweli wanayonong'ona pale ziwani, kwamba mtunza mahema alimwita Bibi Oberhuber "mpenzi". Aliyeitwa ni mbwa wa mgeni. Katika mahema ya kifahari aliyoachiwa mjane huyo na mumewe, chini ya milima ya Bavaria, mtunza huyo hufuta miguu ya kila mbwa kwa taulo, kidole kwa kidole. Binadamu huwasalimu kwa kugusa kofia yake tu. Jumapili ile aliinama mlangoni, mikono yake mipana ikinukia sabuni, akasema taratibu, Bibi Oberhuber akiwa amesimama kando ya mbwa, "Njoo, mpenzi, miguu imelowa."

"Sawa, wifi, aliitwa mbwa," dada wa marehemu alimchokoza dukani. "Mbona aliyevua viatu ni wewe?"

Bibi Oberhuber akamgeukia mwuza mikate. "Nipe minne. Zaidi ya hapo sina la kusema."