Mchunga Malori

Mlinzi wa yadi ya malori, mbele ya kibanda changu cha chai, tulimbandika jina la Mchunga Malori. Alikuwa mfugaji kabla vita havijamfukuza kijijini, na malori yale aliyapa majina ya ng'ombe wake. Lililovunjika kioo cha pembeni aliliita Pembemoja. Lile lisilowaka mpaka lisukumwe, Mkorofi. Jioni yakirudi aliyapigapiga ubavuni, na madereva wakavunjika mbavu. Nami nilicheka, siwezi kujitakasa.

Lakini lori lisiporudi, mzee aliacha geti wazi, akashika fimbo, akaenda kulitafuta barabarani. Mara ya kwanza bosi alimsamehe. Mara ya pili betri ziliibwa.

"Mzee, ukiacha geti tena, usirudi," bosi alimwambia.

Kazi ile ndiyo iliyomlipia chumba yeye na mkewe. Bila hiyo wangerudi kwenye hema la wakimbizi.

Mkewe aliniomba tumpeleke zahanati. Mzee aligoma, eti yeye si kichaa.

"Nani kakuita kichaa?" nilimfokea. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Twende!"

Mshauri wa pale, binti mpole, hakuwa na haraka. Alimuuliza habari za ng'ombe, na mzee akawataja kwa furaha.

"Nani alikuwa anawachunga?"

Mkewe ndiye aliyejibu.

"Kijana wetu. Alitoka nao asubuhi, mchana tukavamiwa. Hatujui yu hai au la."

"Hata hatukuagana," mzee alisema. "Nilikuwa nakunywa uji. Nikajua jioni atarudi."

Mimi si mwepesi wa machozi, lakini siku ile nililia mbele za watu.

Mshauri alimpangia aje kila wiki. Mimi sikuweza kungoja. Kesho yake asubuhi niliwavaa madereva wakinywa chai, nikawaeleza yote.

"Atakayelala safarini bila kumuaga yule mzee, chai yangu asiiguse!"

Walitazama vikombe vyao. Siku hiyo Mkorofi alikuwa na safari ya mbali. Dereva wake, yule aliyekuwa akicheka kuliko wote, alifika getini akazima injini, huku akijua fika kwamba itabidi wenzake wasukume. Akashuka.

"Baba, naenda. Leo silali hapa. Nitarudi keshokutwa."

Mzee alimshika mkono, asiuachie upesi.

"Nenda salama, mwanangu."

Jioni Mkorofi hakurudi. Mzee alifunga geti, akaketi.