Herufi Iliyotuletea Kombe

Msimu ule timu ya chuo chetu cha ualimu hapa Garissa haikushindwa mchezo wowote, na kipa nilikuwa mimi. Watu wakisikia hivyo hunitazama mikono, kana kwamba wataona kitu. Hakuna cha kuona. Nilikuwa na mabeki wenye miguu mirefu na hasira za karibu, na nilikuwa na jua. Wageni wetu wengi walitoka kwenye miti na mawingu, nasi tuliwapangia mechi saa nane mchana. Kufikia kipindi cha pili walikuwa wakiuacha mpira upite kama gari lisilowahusu.

Kocha wetu alikuwa mkufunzi wa Kiswahili, mtu wa Pwani, ambaye alipewa timu kwa sababu alichelewa kwenye mkutano wa kugawana majukumu. Alipofika, wenzake walikuwa wameshachukua maktaba na chama cha mazingira. Hakuwahi kucheza mpira maishani mwake, lakini lugha alikuwa nayo. Kabla ya kila mechi alitukusanya akatueleza mbinu kwa Kiswahili kilichonyooka, tukaitikia, "Sawa, maalim." Kisha tulisogea pembeni, nahodha akatuambia kwa Kisomali tutakachofanya, jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na yale tuliyoambiwa. Tuliposhinda, yeye aliamini kuwa mbinu zake zimefanya kazi. Hatukuona sababu ya kumvunja moyo.

Kilichomvunja moyo ni herufi P. Kisomali hakina sauti hiyo, na wengi wetu tulikuja chuoni tukiisema kama B. Mkufunzi aliichukulia kama vita yake binafsi. Sote tulilegea ulimi kidogo kidogo, ila mshambulizi wetu. Huyu alikuwa kijana mpole wa Banissa, aliyekulia nyuma ya ngamia, na akiwa na mpira mguuni hakuna beki aliyemkaribia. Lakini pilipili kwake ilikuwa bilibili, na papai lilikuwa babai. Mkufunzi alimpa kipande cha karatasi akishike mbele ya mdomo, akamwambia akitamka P vizuri karatasi itatikisika. Haikutikisika. Katika mtihani wa kuzungumza alipata alama za chini kuliko sisi sote, na jioni hiyohiyo akatufungia mabao kadhaa huku mtu aliyemfelisha akimpigia makofi.

Fainali ikaja kwetu. Wapinzani walikuwa chuo kimoja cha bara, vijana waungwana walioshuka kwenye basi lao wakiwa wamejifunika taulo kichwani. Asubuhi hiyo baba yake mshambulizi naye alikuwa ameingia mjini na lori la mizigo kutoka Banissa, amekuja kutibiwa jino. Hakuwahi kutazama mechi. Mwanawe akanikabidhi mzee.

"Walaal, ndugu yangu, kaa naye," akaniambia. "Wewe una nafasi."

Mzee akawekewa kiti cha plastiki nyuma ya goli langu, shavu limevimba, mkononi ana bakora. Tulizungumza kwa Kisomali, nikimwita adeer, yaani ami, huku nimempa mgongo kwa sababu ya kazi.

"Kazi yako wewe ni nini?"

"Kuzuia mpira usiingie humu, adeer."

"Mbona huzuii?"

"Haujafika."

"Kwa hiyo umesimama tu."

"Ndiyo, adeer."

"Na chuo kinakulisha?"

"Kinanilisha."

Hakuuliza tena mpaka mapumziko. Nilihisi amenielewa kuliko kocha.

Mpaka karibu na mwisho ilikuwa sare, hakuna bao. Ndipo winga wetu akatoroka na mpira upande wa kulia, na katikati mshambulizi wetu akikimbia, mkono juu, akidai pasi kwa sauti iliyofika hadi kwangu: "Basi! Basi!"

Mabeki wa wageni wakasimama. Mmoja alishika magoti na kuinamisha kichwa, kama mtu aliyesubiri neno hilo tangu asubuhi. Mwingine alianza kwenda kuchukua chupa yake ya maji. Pasi ikaja, mshambulizi akaisukuma wavuni taratibu, kipa wao akimtazama kwa mshangao.

Wageni wakamzunguka refa, mtu wa Wajir.

"Sikupuliza kipenga," refa akasema.

"Lakini yule amesema basi!"

"Ndiyo. Ameomba basi, amebewa basi. Bao ni halali."

Mchezo ukaisha hivyo. Wanafunzi wakamwaga maji, akina dada wakapiga vigelegele, mshambulizi akabebwa juu mabegani. Mimi nikageuka nimpongeze mzee, nikamkuta amesimama, uso umekunjamana, na si kwa sababu ya jino.

"Mwanangu amewaambia wale wageni basi?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini neno hilo alilijua.

"Ndiyo, adeer, ila—"

"Na waliposimama, akafunga?"

Nikajaribu kumweleza. Nikasema kuna neno basi na kuna neno basi, na mwanawe alimaanisha lile la pili. Nikasikia mwenyewe nilivyokuwa nikisema. Mzee alinitazama kwa huruma, akaondoka kuelekea kwenye vifijo.

Mshambulizi akashushwa mabegani. Baba akamshika kifundo cha mkono, wakavuka uwanja mpaka kwenye basi la wageni, kundi zima nyuma yao likidhani ni sehemu ya sherehe.

"Waombe radhi," akamwambia. "Hawa ni wageni."

Kijana hakubishana na baba yake. Akainamisha kichwa akasema, "Tusameheni. Nilisema basi."

Nahodha wao akaruka. "Mmesikia? Amekiri mwenyewe! Mechi irudiwe!"

Maafisa wakaja. Mkuu wa chuo akaja, jasho likimtoka. Mkufunzi akaja wa mwisho, akasikiliza, kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanafunzi huyu hakudanganya," akasema. "Hawezi kutamka P. Nimemfundisha tangu siku aliyoingia chuoni, na nimeshindwa. Sema papai."

"Babai."

"Pilipili."

"Bilibili."

"Polepole."

"Bolebole, maalim," kijana akasema, na jasho lilikuwa likimtoka kuliko lilivyomtoka wakati wa mechi.

Nahodha wa wageni ndiye aliyeanza kucheka. Akaketi kwenye ngazi ya basi, akacheka mpaka akajifuta macho, na wenzake wakamfuata. Kocha wao akampa mkufunzi mkono, wala neno la kurudia mechi halikutajwa tena. Mkufunzi peke yake hakucheka. Uwanjani kote siku hiyo, mtu aliyeonekana ameshindwa kabisa ni kocha wa mabingwa.

Mzee akaniuliza kimesemwa nini, nikamtafsiria. Akamtazama mkufunzi kwa muda.

"Mwambie asijilaumu," akasema. "Hata nyumbani alikuwa mgumu."

Nikamfikishia. Mkufunzi akashukuru kwa heshima, akaweka mkono kifuani.

Mgeni rasmi alihutubia akasema ushindi wetu umetokana na mipango madhubuti ya uongozi. Kombe likapelekwa ofisini kwa mkuu wa chuo, mahali ambapo wanafunzi hawaingii mpaka wawe na makosa. Mshambulizi akarudia mtihani wa kuzungumza, akapewa alama zilezile, na hakuna aliyethubutu kumwomba mkufunzi azipandishe, hata mkuu mwenyewe. Siku hizi anafundisha huko kwao Banissa, masomo yote, Kiswahili kikiwemo, na nasikia wanafunzi wake wanamwelewa vizuri sana.

Sisi tuliobaki tulianza muhula uliofuata tukitembea kwa uangalifu, kama watu waliobebeshwa mayai. Mabeki waliacha kuwakaba watu kwa hofu ya kuharibu rekodi ya kutoshindwa. Tukaialika kwa mechi ya kirafiki sekondari moja ya hapa mjini, watoto waliokuja kwa miguu wakiwa na jezi za rangi tofauti. Mawingu yalitanda siku hiyo, kukawa na upepo wa baridi. Kabla ya mapumziko nilikuwa nimeshaokota mpira wavuni mara tatu, kila mara nikiurudisha katikati bila mtu kunitazama vibaya. Mechi ilipokwisha, tukiwa tumeshindwa kwa mara ya kwanza, nahodha alivua viatu akalala chali kwenye mchanga, nasi tukamfuata mmoja mmoja, tukawa tumelala pale tukicheka kwa sababu ambayo hakuna aliyeieleza, mpaka mtu wa jikoni akaja kuuliza kama chai tunaitaka au airudishe.