Mume Wangu na Ladha ya Moshi

"Haya maharage yana umeme!"

Mume wangu aliisukuma sahani kana kwamba imemtukana.

"Yana nini?"

"Umeme, Mama Watoto! Hayana moshi hata chembe. Ulimi wangu haudanganywi."

Niwaambie kitu. Mume wangu ni fundi wa sola. Kutwa yuko juu ya mapaa ya watu, anafunga paneli na kuwahubiria nishati safi. Paa letu lenyewe limejaa paneli.

Lakini chakula anataka cha mkaa.

"Umeme ni wa taa na simu," husema, "si wa maharage."

Tatizo ni kifua cha binti yetu. Ana miaka sita. Akivuta moshi kidogo tu, kifua kinalia mluzi. Daktari alisema wazi: mkaa utoke nyumbani.

Nikamwambia baba yake. Akajibu, "Si ufungue dirisha."

Nikafungua dirisha. Kisha nikanunua presha kuka ya umeme.

Wiki tatu nimepika kwa siri. Maharage yakiiva, nayahamishia kwenye sufuria ya zamani yenye masizi, naiweka mezani hivyo hivyo, nyeusi tii.

Bwana anakula, anajilamba vidole. "Hii ndiyo ladha ya mkaa!"

Mimi nainama nisicheke.

Leo asubuhi, akitafuta koti, akaikuta presha kuka kabatini, chini ya mashuka. Akaifunika tena. Akasubiri chakula cha mchana ili anishtaki mbele ya mama yake, ambaye yuko kwetu wiki nzima sasa.

"Mama, onja mwenyewe!"

Mama mkwe akaonja. Akatafuna taratibu.

"Kweli, mwanangu. Ya jana yalikuwa matamu zaidi."

"Umesikia?" Akapiga meza.

Nikasimama. "Nifuate uani."

Jiko la mkaa lilikuwa bado jekundu.

"Nilikusikia ukifungua kabati," nikamwambia. "Nikampeleka mtoto kwa shangazi yake, nikakupikia haya kwa mkaa. Yale uliyojilambia vidole wiki tatu ndiyo ya umeme."

Akageuka kumtafuta mama yake.

Nyuma yetu mama mkwe alikuwa anacheka mpaka ameshika ukuta.

"Mimi nilijua tangu Jumatatu. Nilimkuta mkeo chumbani, presha kuka iko juu ya stuli, inapiga mvuke kando ya kitanda chako. Jikoni kwa fundi umeme hakuna hata soketi! Huoni haya?"

Mume wangu alitazama jiko. Kisha akaniuliza polepole, "Na kifua cha mtoto?"

"Wiki tatu hajabanwa hata mara moja. Hukugundua?"

Alichota maji kwenye ndoo, akayamwaga juu ya mkaa. Chwaaa! Akaingia ndani, akatoka na boksi la vifaa.

Ndugu zangu, nishati safi msiisubiri ije na mkutano wa wakubwa. Sufuria moja tu ya umeme nyumbani kwako, anza nayo. Na bwana wa nyumba akibisha, usimhutubie. Mlishe kwanza.

Naandika haya nikiwa mlangoni mwa jikoni. Drili inalia, vumbi la ukuta linatua kwenye maharage, na mama mkwe ameshika tochi.

"Panda juu kidogo," anamwambia mwanawe. "Na soketi uweke mbili."

Anaweka mbili.