Bango la Makomamanga

Kila mwaka, Sikukuu ya Vibanda ikikaribia, mzee wa Kiyahudi anayehudumiwa na Placida kule Harrow, ughaibuni, hukaa mezani na kipande cha mshumaa. Husugua nacho bango lake la karatasi la kupambia kibanda, lenye picha za matunda, lililochapishwa kabla Placida hajazaliwa, kuanzia makomamanga hadi zabibu, kwa vidole vinavyotetemeka kwa kila kitu isipokuwa kazi hii. Hupuliza chembe za nta, akanusa, akaanza upya. Placida alidhani uzee umemrudisha utotoni. “Baba, litupe hilo,” binti yake alisema mwaka huu, akatundika kibandani, kando yake, jipya alilolichapisha nyumbani. Mzee aliguna tu.

Paa la kibanda hicho cha bustanini, ambamo familia hula siku zote za sikukuu, ni matawi, maana desturi inataka mbingu ionekane. Basi siku ya pili, katikati ya chakula cha mchana, mvua ikaingia bila hodi. Wote wakakimbilia ndani. Mzee akagoma kuinuka, Placida akabaki kumshikia mwavuli. Bango jipya likachuja hadi zabibu zikawa tope. Kwenye la zamani maji yaliteleza kama juu ya jani la mgomba, na makomamanga yakazidi kuwaka. Mzee akausukuma mwavuli kando, akainua kijiko juu.

“Placida, waambie warudi na sahani zao. Leo tunakula hapa hapa!”